Uwanja Ulioinamia kwa Nalepo

Chungwa lilidondoka kutoka kwenye beseni la Skolastika, mama ntilie wa mafundi, wakati wa chai ya saa nne. Liligonga vitofali vipya vya uwanja, likatulia kidogo kama mtu anayejaribu kukumbuka njia, kisha likaanza kubingirika kuelekea mashariki. Likapita katikati ya mafundi waliokuwa wamechuchumaa na vikombe vyao, likapita chini ya toroli, likavuka ukingo wa uwanja na kuingia kwenye boma la Nalepo. Nalepo alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mboga. Aliliokota, akalifuta kwa shuka, akaanza kulimenya.

"Mama Skola, chungwa lako limeolewa," fundi mmoja alisema.

"Limeolewa bila mahari," Skolastika alijibu, akafunika beseni. "Ndiyo mambo ya siku hizi."

Abdiel hakucheka. Yeye ndiye aliyeuchora uwanja ule, na aliuchora ukiwa tambarare kama meza. Alimwita Lesikar, msimamizi wa mafundi, wakalaza pima maji juu ya vitofali. Povu likakaa katikati. Wakaigeuza, wakaisogeza mbele, wakairudisha nyuma. Povu halikutoka katikati.

"Iko levo, injinia," Lesikar alisema.

Abdiel akachukua kifuniko cha ndoo ya rangi, akakisimamisha kwa ubavu, akakiachia. Kifuniko kikaenda kwa Nalepo.

"Basi pima maji ni nzima," Lesikar alisema. "Kinachoumwa ni kitu kingine." Akarudi kumalizia chai yake, maana ilikuwa inapoa.

Mji ule mpya ulijengwa kwenye mbuga kati ya Kisongo na uwanja wa ndege, mahali ambapo upepo hauna adabu na vumbi huingia hadi ndani ya yai. Nyumba zote zilikuwa na bati jekundu, zote zinafanana, zimepangwa kuuzunguka uwanja wa kati. Wazo la uwanja lilikuwa la Hope, bosi wa kampuni. Hope alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa Kichaga wa mjini, mwanamke kijana, anaongea haraka na hasahau kitu. "Sisi tunajua kujenga nyumba, hatujui kujenga mahali pa kukaa," alimwambia Abdiel siku alipompa kazi. "Nataka mahali ambapo mtoto atajifunza kuendesha baiskeli na baba yake atakaa kwenye benchi anamwangalia. Watu wasalimiane. Unanielewa, kaka Abdiel?"

Abdiel alimwelewa, na alilipenda wazo lile kuliko kazi yoyote aliyowahi kupewa. Akalichora kwa moyo wake wote. Mchoro wake wa kwanza ulikuwa nusu duara.

Ulikuwa nusu duara kwa sababu ardhi ya kampuni iliishia kwenye mstari wa masale. Marehemu Yiamat, mume wa Nalepo, aliiuzia kampuni eneo lake la magharibi, akabakiza la mashariki lenye boma, zizi na kishamba cha mahindi. Kati ya maeneo hayo mawili yalisimama masale yaliyopandwa na baba yake. Isale ni mmea wa majani marefu, mgumu kufa, na kuanzia Machame hadi upande huu wa Meru mtu akiyakuta masale yamepangwa mstari haulizi mpaka uko wapi. Abdiel ni mtu wa Machame. Kwao mtoto huchapwa kwa kuling'oa isale la mpakani, na mtu mzima akiling'oa haitoshi kumchapa.

Hope aliuangalia mchoro ule akiwa amesimama.

"Hii ni nini? Nimewaahidi watu uwanja. Hili ni tonge lililomegwa."

"Ardhi yetu inaishia hapo."

"Inaishia hapo kwa sababu ya majani?"

"Siyo majani. Ni masale."

"Mimi ni Mchaga kama wewe, usinifundishe masale. Yule mzee alituuzia, na sasa amekufa. Nani anajua aliuza mpaka wapi?"

"Mke wake anajua."

"Mke wake hakuwepo siku ya kuuza. Chora duara."

Abdiel akachora duara. Greda lilikuja siku ya mnada, Nalepo akiwa Kisongo na mbuzi wake. Aliporudi alikuta masale yamelundikwa mizizi juu, zizi halipo, kishamba hakipo, na boma lake limebaki kama jino moja, mlango wake unafungukia moja kwa moja kwenye uwanja wa watu. Alikwenda kwa mtendaji. Mtendaji akaomba ramani, akaletewa ramani, na kwenye ramani kulikuwa na duara. Akamwambia Nalepo kwamba serikali inasoma karatasi, haisomi majani.

Abdiel na mkewe Agnela walikuwa wamepanga vyumba viwili Elerai, na Hope alikuwa amemwahidi nyumba ya kona, inayotazama uwanja. Kilichobaki ni sahihi ya Abdiel kwenye ramani ya mwisho. Ramani hiyo ikishapokelewa, hati za nyumba zote zinatoka, na hakuna atakayeuliza tena masale yalikuwa wapi. Agnela alikuwa ameshashona mapazia ya madirisha ambayo hajawahi kuyafungua.

Baada ya chungwa vilifuata vingine. Nati, mabomba, roli la waya, kofia za mafundi. Toroli lililojaa zege lilijiendea lenyewe, taratibu, bila kumwaga. Nalepo alivipanga vyote vizuri kando ya nyumba yake, vidogo mbele na vikubwa nyuma, na jioni mafundi walikwenda kuvifuata.

"Takwenya, yeyo," Lesikar alimwamkia kwa Kimaa, maana na yeye ni Mwarusha wa hapo hapo.

"Iko," Nalepo aliitikia.

"Tumekuja kuchukua toroli."

"Lichukueni. Mimi sikuliita."

Kisha ikafika zamu ya watu. Fundi akiinama kupanga vitofali, akizama kwenye kazi, aliponyanyua kichwa alijikuta magoti yake yako kwenye ua wa Nalepo. Hope aliitisha kikao na watu wa taa katikati ya uwanja. Kikao kilianza vizuri. Walipofika kwenye suala la nguzo, Hope alikuwa ameegemea mlango wa boma na watu wa taa wamembana kwa mbele, wote wakiendelea kuongea.

"Karibu," Nalepo alisema kutoka ndani.

"Asante bibi, tunapita tu," Hope alisema, akawaongoza wenzake kurudi katikati, na kikao kikaanza upya. Hakuna aliyezungumzia jambo lile. Walitembea kurudi wakiwa wameinama mbele, kama watu wanaopanda kilima, juu ya vitofali vilivyonyooka.

Lesikar ndiye aliyegundua kwamba uwanja haukuinama wote. Upande wa magharibi kitu kilikaa pale ulipokiweka. Alichukua nati moja na kipande cha chokaa, akaanza kuiweka nati hapa na pale, na kila ilipoanza kutembea alitia alama. Alipomaliza, akaunganisha alama zake. Mstari ulikatiza uwanja kutoka ukingo hadi ukingo, umenyooka, na kwenye sehemu moja umepinda kidogo kama unakwepa jiwe. Abdiel alikuwa na picha ya masale kwenye simu yake, aliyoipiga siku ya kwanza alipokuja kupima. Hakuhitaji kuifungua.

"Injinia, mimi nimechunga mbuzi hapa," Lesikar alisema kwa sauti ya chini. "Huu mstari naujua."

"Naujua pia."

"Ndiyo maana nimetumia chokaa. Ningetaka makuu ningetumia rangi."

Hope alikuja, akausimamia mstari, mguu mmoja huku na mguu mmoja kule. Alikaa hivyo kitambo, akiusikiliza mwili wake mwenyewe.

"Futeni," alisema.

Wakamwaga maji. Maji yakaubeba ule weupe, yakatiririka yote hadi kwa Nalepo, naye akakinga ndoo zake.

Jumamosi ilikuwa siku ya uzinduzi. Walikuwa wanakuja wanunuzi wa nyumba, wachungaji wawili, padri mmoja na wakubwa wa mkoa. Mahema na viti vya plastiki vilikuwa vimeshaletwa. Alhamisi mchana Hope alimwita Abdiel ofisini, kwenye kontena lililowekwa pembeni mwa uwanja.

"Wageni watakaa kwenye viti. Viti vitaenda wapi?"

"Kwa Nalepo."

"Mimi siwezi kuzindua mji wangu uani kwa mtu." Alikuwa hajapandisha sauti. "Nimefikiria. Vitu vinakwenda kwake kwa sababu yupo. Asipokuwepo vitakwenda kwa nani? Boma lile liondoke. Nitamtafutia chumba Nduruma, kizuri, chenye umeme. Wewe weka maegesho ya magari pale kwenye ramani."

"Boma ni lake, bosi. Hata kwenye ramani yetu ni lake."

"Kwenye ramani yako kuna nini pale sasa hivi?"

"Hakuna kitu. Pameachwa peupe."

"Basi pana nafasi." Akachungulia dirishani. "Greda lishafika. Kesho saa nne."

Greda kweli lilikuwa limefika. Lilikuwa bado liko juu ya lori nje ya geti, na dereva wake amelala kivulini kando ya tairi. Abdiel alilipita, akaenda hadi kwenye kibanda cha Skolastika, akakaa kwenye benchi.

"Nikupakulie, mangi?"

"Sina njaa."

"Mtu asiye na njaa hakai kwenye benchi langu. Inuka au useme."

Akamwambia. Skolastika, mwanamke wa Rombo, alikuwa anasonga ugali na hakuacha kusonga. Aliusikiliza mkasa wote akiwa amempa mgongo.

"Kwenu Machame mtu akimkosea mwenzake vibaya, anafanya nini?"

"Anampelekea isale."

"Na aliyepelekewa?"

"Hakatai."

"Basi umekuja kuniuliza nini? Yapo hapo nyuma ya kibanda, nimepanda kuzuia kuku wa watu. Kata moja." Akageuza ugali. "Ila isale haliendi peke yake, Abdiel. Linakwenda na kile ulichokichukua."

Abdiel alikuwa ameshainuka. Alikata tawi lenye majani mabichi, jani moja akalifunga fundo kama alivyoona baba yake akifanya zamani, akashika njia ya kurudi uwanjani. Alipofika katikati hakuhitaji kutembea sana.

Nalepo alikuwa mlangoni anafunga mzigo wa kuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakunyanyua kichwa. "Leo umekuja mwenyewe au umeletwa?"

"Nimekuja mwenyewe," Abdiel alisema, ingawa hakuwa na uhakika. Akalishika isale kwa mikono miwili, akalinyoosha mbele.

Nalepo aliliangalia, akaliangalia lile fundo.

"Hilo kwetu ni la mpaka."

"Na kwetu pia. Lakini ukilifunga fundo ukampelekea mtu, unamwomba msamaha."

"Na mtu huyo akikataa?"

"Halikataliwi."

"Na nani?"

"Na mtu yeyote, mama. Hata aliyeuliwa mwanawe."

Nalepo alicheka kidogo, kwa pua. "Ninyi watu mna akili. Mnakosa wenyewe, mnakata jani wenyewe, na jibu mnakuja nalo wenyewe."

Mikono ya Abdiel ilibaki mbele.

"Unaomba msamaha wa nini?"

"Wa yaliyotokea."

"Mvua ndiyo inatokea. Wewe ulifanya nini?"

Kindege kidogo cha watalii kilipita juu yao kikienda kutua. Abdiel alikisubiri kimalize kelele zake. Nalepo naye alisubiri.

"Nilichora duara."

"Ukijua?"

"Nikijua."

Nalepo alikaza kamba ya kuni, akaisukuma kwa mguu kuona kama imeshika. "Nikilipokea hilo, vitu vitaacha kuja kwangu?"

"Nadhani vitaacha."

"Na lile dubwana lililolala pale nje?"

"Litaondoka. Limeletwa libomoe kesho, ila vitu vikiacha kuja, bosi hana shida na boma lako."

"Na zizi langu?"

Abdiel alilitazama fundo. Nalepo alimpa muda wa kutosha, zaidi ya ule wa kindege.

"Mimi sina mtu wa kumwita akalale mbele ya greda," alisema mwishowe. "Wanangu wako Dar, wanalinda mageti ya watu. Nikikataa, kesho sina nyumba. Nikipokea, nina nyumba na sina kingine. Lete." Akalichukua. "Haya, nimepokea. Sasa twende ukanionyeshe yalipokuwa yamesimama."

"Unapajua, mama."

"Napajua. Nataka unionyeshe wewe."

Wakaanza kupanda. Kwa macho uwanja ulikuwa tambarare, lakini Abdiel alisikia misuli ya mapaja ikivuta kama anapanda Meru, na Nalepo mbele yake akiweka fimbo, akivuta mguu, akiweka fimbo. Nyundo zikanyamaza moja moja. Mafundi waliokuwa wanafunga mahema wakabaki na kamba mikononi. Mlango wa kontena ukafunguka, Hope akatoka, akasimama kwenye ngazi na simu sikioni, lakini alikuwa haongei.

Abdiel aliuona mstari mbele yake. Maji hayakuwa yameumaliza. Chokaa ilikuwa imebaki kwenye mianya ya vitofali, nyembamba, kama ukoko wa ugali kwenye kucha. Walikuwa wamefika nusu ya njia. Akamtazama Hope. Hope akaishusha simu kutoka sikioni, akaishika mkononi, basi. Hakufanya lingine.

Abdiel akasimama.

"Hapa," alisema.

Nalepo aliangalia chini kwenye vitofali. Akaangalia mbele, kule kwenye chokaa. Kisha akamwangalia yeye, usoni, kwa mara ya kwanza.

"Hapa?"

"Hapa."

Lesikar alikuja na patasi bila kuitwa. Aling'oa kitofali kimoja, akachimba, akasogea pembeni bila kumwangalia Abdiel. Nalepo akapiga magoti, akalichomeka isale, akashindilia udongo kwa ngumi na kulitemea mate kidogo, kama wanavyobariki kwao. Akainuka kwa fimbo yake, akateremka nyumbani kwake. Alikwenda polepole sana kwa mtu anayeteremka.

Asubuhi isale halikuwepo pale. Kitofali kilikuwa kimerudi mahali pake, kimebana, na mchanga kwenye mianya yake umekauka kama ambao haujaguswa tangu mwanzo. Isale lilikuwa limekwenda mbele hadi kwenye chokaa, na halikuwa peke yake. Masale yalikatiza uwanja kutoka ukingo hadi ukingo, yanamfika mtu kifuani, yana mashina manene ya kizee, na sehemu ile ile yamepinda kidogo kama yanakwepa jiwe. Vitofali vilikuwa vimejitenga huku na huku, vimekatwa vizuri kwenye kingo, kama vile fundi aliacha nafasi kwa makusudi.

Lesikar alivuka upande wa mashariki, akakisimamisha kifuniko cha ndoo ya rangi, akakiachia. Kikalala ubavu. Akasubiri. Hakikwenda popote.

"Imepona," alisema, na akawaita mafundi wakamalizie mahema.

Hope alifika na gari, akashuka, akatembea kwa urefu wa masale yote akiyagusa majani kwa ncha za vidole. Dereva wa greda alikuwa nyuma yake, anapiga miayo.

"Niyatoe, bosi?"

Abdiel alikuwa karibu. Alijikuta anaomba moyoni, na hakujua anaomba ajibiwe nini.

"Uyatoe?" Hope alisema. "Yaliyorudi yenyewe usiku mmoja? Mama yangu bado yuko hai, unataka nimzike? Hayaguswi." Akayaangalia tena, safari hii kwa mbali, akiwa amekunja jicho moja. "Halafu yamependeza. Uwanja ulikuwa umekaa kikavu mno. Wekeni taa za chini, zimulike majani usiku. Na wewe rudi na greda lako, asante."

"Na upande ule?" Abdiel aliuliza.

"Upande gani?"

"Wa mashariki. Ng'ambo ya masale."

Hope alimwangalia kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe.

"Weka mabenchi," alisema.

Uzinduzi ulikwenda vizuri. Viti vilikaa pale vilipowekwa, pande zote mbili. Padri alinyunyiza maji na wachungaji wakaomba kwa zamu. Mgeni mmoja aliuliza ile mimea ni ya nini, na Hope akashika kipaza sauti, akaeleza kwamba isale ni mmea wa heshima kwa watu wa ukanda huu, ishara ya amani na ujirani mwema, na kwamba kampuni haikuja hapa kufuta mila za watu. Wakapiga makofi. Wakapanga foleni kupigwa picha mbele ya masale, familia kwa familia. Nalepo alikuwa mlangoni kwake, nyuma ya wavu mpya uliofungwa asubuhi ile kuuziba upande wa boma. Watoto wawili walimpungia mkono, naye akawapungia.

Jioni, wageni walipotawanyika, Hope alitandaza ramani ya mwisho juu ya meza ya kontena. Nje Agnela alikuwa amekaa kwenye ngazi, ana mfuko wa mapazia magotini na ufunguo wa nyumba ya kona umening'inia kwenye kidole.

"Kuna kitu hakipo kwenye mchoro," Abdiel alisema.

"Kipi?"

"Masale."

"Kweli. Yachore, wasije wakasema ramani hailingani na uwanja."

Abdiel alichukua rula na kalamu. Aliyachora yote, kutoka ukingo hadi ukingo, pamoja na pale yanapopinda kidogo. Hakukosea hata kidogo. Ulikuwa mstari safi, na mtu yeyote anayejua kusoma ramani angeuona na kuelewa nini kiko huku na nini kiko kule. Lakini kila kitu kwenye ramani lazima kiandikwe jina lake pembeni. Mfereji umeandikwa mfereji, benchi limeandikwa benchi. Hope alisubiri, amekunja mikono. Agnela alikohoa kule nje, vumbi lilikuwa limeanza kunyanyuka. Abdiel akaigusisha kalamu kwenye karatasi, akaiondoa, akaigusisha tena.

Akaandika: *mapambo*. Akatia sahihi.

Walihamia wiki iliyofuata. Nyumba ni nzuri, mapazia yametosha madirisha yote, na uwanja umekuwa vilevile Hope alivyotaka. Watoto wanajifunza baiskeli, baba zao wanakaa kwenye mabenchi ya mashariki kwa sababu huko jua la jioni haliwapigi machoni, na watu wanasalimiana.

Isale halihitaji maji mengi, lakini kiangazi cha Kisongo hakina huruma, na Nalepo aliomba awe anayamwagilia. Kampuni haikuona ubaya, kwanza ilikuwa inapunguza kazi ya mtunza bustani. Kwa kuwa mlango wa boma lake umezibwa na wavu, huzunguka na ndoo yake kwa barabara ya vumbi mpaka geti kuu. Pale mlinzi humpa kitambulisho chenye maandishi MGENI, naye hukivaa shingoni juu ya shanga zake. Wakazi wanampenda. Humwita bibi wa mapambo.

Abdiel hukutana naye karibu kila jioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hawajambo nyumbani?"

"Hawajambo."

"Mke ameshazoea upepo?"

"Anazoea."

Huitikia vizuri, bila kinyongo, maana alikwishapokea. Humwagilia shina moja baada ya jingine kuanzia ukingo hadi ukingo, huku watu wa mabenchi wakivuta miguu yao kumpisha. Akimaliza huinua ndoo, huzunguka tena hadi getini, huvua kitambulisho na kukirudisha, na mlinzi humshukuru kwa kuwatembelea.